Choroko Arobaini za Nchi ya Bashasha

Sitasimulia nilivyofika Bashasha. Njia yake ni ndefu, chakula cha njiani kibaya, na anayetaka kwenda ataipata mwenyewe. Nitaanzia mahali panaponihusu, yaani mlangoni pa Idara ya Furaha Darasani, ambapo nilisimama asubuhi moja nikiwa na barua ya utambulisho mkononi na aibu kidogo moyoni.

Aibu yenyewe niiseme mapema ili msomaji ajue anasikiliza maneno ya nani. Nimefundisha sarufi miaka ishirini na sita, na nilifundisha kwa fimbo. Mtoto aliyekosea alinyosha kiganja. Wengi walijifunza, kwa maana kwamba walijua majibu, lakini sikumbuki hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali. Nilipostaafu, kamati ya shule za kwetu ilinituma Bashasha, nchi iliyosifiwa kwamba watoto wake hukimbilia kipindi cha sarufi kwa furaha, nikaangalie wanafanyaje na kurudi na taarifa. Nilikubali upesi mno. Nadhani nilitaka kuona nilichowanyima wale watoto wangu.

Mwenyeji wangu alikuwa Bwana Ngwali, Afisa Mpimaji wa Kicheko, mtu mwembamba, mpole, mwenye adabu mpaka inachosha. Alinikaribisha kahawa na kashata.

"Hapa kwetu, Mwalimu Chande, hakuna mtoto anayelia kwenye sarufi," aliniambia. "Ni kosa kisheria."

"Kosa la nani?"

"La mwalimu. Zamani lilikuwa la mtoto, tukaona si haki."

Nilipenda jibu hilo, na kwa siku mbili za mwanzo niliipenda nchi nzima. Historia yao nilisimuliwa hapo hapo kwenye kahawa. Zamani watoto wa Bashasha walichapwa kama wa kwetu. Kisha likaingia Baraza la watu wema, na nasisitiza kwamba walikuwa watu wema, likapitisha Sheria ya Furaha Darasani. Mwaka wa kwanza maafisa waliwauliza watoto wenyewe. Afisa alikaa kitako na mtoto mmoja mmoja, akamuuliza amejifunza nini, amependa nini, nini kimemsumbua. Kazi hiyo ilikula siku nzima kwa darasa moja, na majibu yalikuwa marefu, hayakuingia kwenye fomu. Mwaka wa pili mtu mmoja Idarani akakumbuka kwamba mwenye furaha hucheka, na kwamba kicheko, tofauti na furaha, kinaweza kupimwa. Tangu siku hiyo watoto hawakuulizwa tena.

Kipimo chenyewe ni kigoma kidogo, upana wa sahani ya wali, kilichowambwa ngozi ya mbuzi ikakazwa sana. Juu ya ngozi hupangwa punje arobaini za choroko. Kigoma huwekwa katikati ya darasa juu ya sinia, na mwalimu huanza somo. Watoto wakicheka, ngozi hutikisika na punje huruka zikaanguka kwenye sinia. Zikianguka thelathini, somo ni la furaha. Zikipungua, mwalimu anaonywa. Zikiwa chini ya kumi, anaitwa Barazani.

"Mwanzoni tulitumia maharage," Bwana Ngwali alinieleza. "Lakini maharage mazito. Mwaka ule nchi nzima ilionekana ina huzuni. Tulipobadili choroko, furaha ikapanda mara tatu."

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa anatania, na nilikuja kugundua kwamba katika nchi ile, ambako kicheko ni amri, maafisa hawatanii kabisa.

Siku iliyofuata nilipokea barua rasmi ya Idara. Iliandikwa: "Mgeni kesho shule wao saa anapelekwa tatu yeye." Kijana aliyeiandika alikuwa amesimama pembeni yangu akisubiri nimalize, kisha akanieleza kwa mdomo kwamba nitapelekwa shule kesho saa tatu. Ndiyo desturi yao. Kila barua husindikizwa na mwandishi wake, kwa sababu watu wazima wa Bashasha wote wamepitia madarasa ya furaha na hakuna anayeweza kuandika sentensi ikaeleweka bila yeye kuwepo. Barabarani utawakuta wamejaa, kila mmoja anatembea na barua yake.

"Kwa nini usije ukaniambia tu?" nilimuuliza.

"Haiwezekani, Mwalimu. Mambo ya serikali lazima yaandikwe."

Kesho yake, saa tatu, nilipelekwa Shule ya Mfano. Mwalimu wa huko, Faki, alikuwa amevaa gunia lenye mkia wa kamba. Aliandika neno "kitenzi" ubaoni, akapiga kelele "Kitenzi!", akajiangusha kutoka kwenye kiti. Watoto wakaangua kicheko. Akaandika "nomino", akajivika ndoo kichwani, akagonga ukuta. Kati ya madawati alipita mama mmoja nadhifu, mwenye vidole virefu visafi, ambaye cheti chake kilitundikwa ukutani: Mtekenyaji Daraja la Pili. Alikuwa mwalimu msaidizi. Mtoto aliyeonekana amekunja uso alitekenywa mbavuni mpaka akasaidia choroko kuanguka.

Nilichokishangaa zaidi ni mvulana mmoja aliyeitwa mbele kila baada ya dakika chache. Aliulizwa swali, akajibu vibaya, darasa likamcheka kwa sauti kubwa kuliko ndoo na mkia vikiwekwa pamoja. Akarudi kukaa. Akaitwa tena.

"Huyo ndiye mtoto wa kuchekwa," Bwana Ngwali aliniambia. "Kila darasa linaye. Huchaguliwa mwanzo wa mwaka."

"Na akijibu sawasawa?"

"Hawezi kujibu sawasawa. Anajua wajibu wake."

Siku ile zilianguka punje thelathini na saba. Wakati wa kutoka nilimshika bega msichana mmoja nikamuuliza kitenzi ni nini. Akafikiri kidogo, akasema, "Ni mwalimu akianguka."

Mchana nikapelekwa Barazani kusikiliza mjadala. Hoja ilikuwa kama mtoto wa kuchekwa aruhusiwe kupumzika siku moja kwa wiki. Mjumbe mmoja mzee alisema kwamba mtoto huyo naye ni mtoto, na furaha ya darasa isijengwe juu ya mgongo wake. Akajibiwa na Bi Mize, Mwenyekiti wa Baraza, mwanamke mwenye sauti tulivu na macho ya kuchoka kwa kazi.

"Nimemsikia Mzee wetu," alisema Bi Mize, "na hakuna asiyemwonea huruma mtoto huyo. Lakini mmoja hafurahi, thelathini na tisa wanafurahi. Sheria inapima darasa, haipimi mtu. Na takwimu zinaonyesha siku mtoto wa kuchekwa akiumwa, choroko zinabaki juu."

Hoja ikakataliwa. Wajumbe walipiga makofi, kisha wakacheka kidogo kwa pamoja, kwa kuwa kanuni za Baraza zinataka kila kikao kifungwe kwa furaha. Mimi nami nilicheka. Sijui hata kwa nini nilicheka.

Tulipokuwa tunatoka, Bwana Ngwali aliniambia kwa masikitiko kwamba kesho ana kazi asiyoipenda. Kuna mwalimu mmoja anawasumbua, Kazija, ambaye amekataa kuchagua mtoto wa kuchekwa, amekataa mtekenyaji, na choroko zake haziendi popote. Nikaomba nifuatane naye.

Shule ya Mwalimu Kazija ilikuwa nyuma ya kinu cha kukamua ufuta, na harufu ya ufuta iliingia mpaka darasani. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, kipande cha chaki nyuma ya sikio. Wakati Bwana Ngwali anapanga punje zake, Kazija alinivuta pembeni akanionyesha msichana wa miaka tisa aliyekaa benchi la mwisho.

"Yule ni Mwanapili," alisema. "Alikuwa mtoto wa kuchekwa kule Shule ya Mfano, miaka miwili mfululizo. Mwisho akaacha kusema hata nyumbani kwao. Mama yake akamleta kwangu. Miezi minne alikaa hapo hajatoa neno. Mwezi uliopita akaniuliza swali."

"Swali gani?"

"Kwa nini. Nimeandika ubaoni, naye kanyosha kidole, kaniuliza kwa nini iwe hivyo. Nilitoka nje nikalia, Mwalimu, nisikufiche."

Miaka ishirini na sita, na mimi sijawahi kuulizwa. Nilitafuta nafasi nikakaa.

Somo lilikuwa kesi. Kazija alieleza kwamba kuna mtu anaitwa Pandu, ameshtakiwa kuvunja kikombe cha bibi yake, na ushahidi wote uliopo ni neno moja lililosemwa na jirani. Akaita watoto wanne mbele, kila mmoja akampa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa. Mmoja akashika A, wa pili LI, wa tatu KI, wa nne VUNJA. Darasa likasoma: alikivunja.

"Basi Pandu ana hatia," alisema Kazija. "Nani ana shaka?"

Mvulana mmoja akaja na kipande cha WA, akamwondoa A, na sasa waliovunja wakawa wengi. Darasa likaanza kunong'ona: nani wengine walikuwa ndani ya nyumba? Msichana akaja na VI, akamtoa KI, na vikombe vikawa vingi, na bibi akawa na hasara kubwa zaidi. Kila kipande kilipobadilika, kisa chote kilibadilika, na kila mtoto alikiona kikibadilika kwa macho yake. Wakarudisha neno la jirani kama lilivyokuwa. Kisha Mwanapili akasimama.

Alitembea mpaka mbele pole pole. Akachukua kipande cha HA, akamwondoa A, akasimama yeye mahali pake. Darasa likasoma: halikivunja. Wakatikisa vichwa, kwa kuwa sikio lilikataa. Mwanapili hakurudi kukaa. Aliitazama ile safu ya wenzake, akafikiri, na watoto arobaini wakafikiri naye. Hakuna aliyekohoa. Nilisikia kinu cha ufuta kikisaga nje. Nasema kweli, sijawahi kuona watoto wengi namna ile wakiwa mahali pamoja wanataka kitu kimoja kiasi kile. Hatimaye alimshika mkono mtoto wa LI, akamrudisha taratibu kwenye benchi, akarudi na KU.

"Hakukivunja," walisoma.

"Pandu yuko huru," alisema Mwanapili, kwa sauti ndogo, na uso wake ulikuwa na nuru.

Darasa likashusha pumzi. Mvulana mmoja wa benchi la pili akanyosha kidole. "Mwalimu, sasa kama hakukivunja yeye, nani alikivunja?" Kengele ya mapumziko ikalia na hakuna aliyenyanyuka.

Bwana Ngwali aliinama juu ya sinia lake. Halikuwa na hata punje moja.

"Arobaini juu, sifuri chini," alinong'ona. "Huzuni kamili. Sijawahi kuona tangu enzi ya maharage."

"Bwana Ngwali, kwani hukuwaona?"

"Niliwaona, Mwalimu. Lakini mimi siandiki ninachokiona. Naandika kilichoanguka."

Kazija aliitwa Barazani siku ya pili yake. Nami niliitwa, kama shahidi, kwa kuwa mgeni hana upande. Kabla ya kuingia, karani aliniambia kwa upole kwamba taarifa yangu haitatoka nchini bila muhuri wa Bi Mize, na kwamba Mheshimiwa amefurahi sana kunipokea. Nilimwelewa vizuri. Ukumbini, kwenye viti vya nyuma, alikaa mama yake Mwanapili na Mwanapili mwenyewe kwa kuwa mama hakuwa na wa kumwachia.

"Mwalimu Kazija," alianza Bi Mize, "watoto wako walikaa kimya kipindi kizima. Umewafanya nini?"

"Walikuwa wanafikiri, Mheshimiwa."

"Sheria haisemi wawe wanafikiri. Inasema wawe na furaha."

"Walikuwa na furaha. Waulizeni. Yule pale ni mmoja wao, muulizeni."

Wajumbe walitazamana kwa mshangao wa kweli, kana kwamba amewaomba waulize meza. Bi Mize akasema fomu haina nafasi ya maneno ya mtoto. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu Chande, ulikuwepo. Ulisikia kicheko?"

"Sikusikia, Mheshimiwa, lakini..."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Ila ningependa kueleza..."

"Maelezo yataingia kwenye taarifa yako. Hapa tunataka jibu tu. Ahsante."

Nilikaa. Ningeweza kubaki nimesimama. Ningeweza kusema kwamba nilikuwa nimeona kitu nilichokitafuta maisha yangu yote na kwamba wao walikiita huzuni. Nilifikiria muhuri, nikakaa, na benchi lililia chini yangu. Jambo hilo linanikera hadi leo ninapoliandika.

Hukumu iliandikwa na kusomwa na karani, na kwa kuwa haikueleweka, karani akaieleza. Kazija atapimwa tena baada ya siku tatu. Zisipoanguka thelathini, darasa lake litavunjwa, yeye atahamishiwa kazi ya kutekenya, na watoto watarudishwa shule walizotoka. "Mwanapili," aliongeza karani baada ya kutazama daftari, "atarudi nafasi yake Shule ya Mfano. Mvulana aliyepo ameanza kuzoea, choroko zinapungua." Mama yake Mwanapili alishika ukingo wa kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Mtoto hakutikisika.

Jioni nilikwenda kwa Kazija darasani. Alikuwa anafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi.

"Ungesema, Mwalimu," aliniambia bila kugeuka.

"Ningesema nini?"

"Ulichokiona. Si kingine."

Sikuwa na jibu, na mtu asiyekuwa na jibu hutoa ushauri. Nikamwambia asiwe mkaidi. Nikamwambia ngoma ni ngozi tu, haina akili, airidhishe mara moja aendelee na kazi yake. "Chagua mtoto mmoja wa kuchekwa," nilisema, "siku moja tu. Siku moja, Bi Kazija, uwaokoe wote."

Akageuka. "Yupi? Nitajie jina."

Hapo ndipo nilipomwona Mwanapili mlangoni. Alikuwa amebeba vile vipande vya boksi, amevikusanya na kuvifunga kwa kamba. Aliviweka mezani, akatuamkia sote wawili kwa adabu, akaenda zake. Nilijiambia hakusikia.

Siku ya kipimo cha pili Bwana Ngwali alipanga punje zake kwa uangalifu wa pekee. Nadhani alimtakia Kazija mema. Nadhani pia kutakia mema ndiyo kazi pekee aliyoweza kuifanya bila idhini. Kazija alijaribu. Alileta kisa cha mbuzi aliyekula barua ya serikali, na kilikuwa kisa cha kuchekesha kweli, lakini watoto walikuwa na hofu, na kila aliyecheka alicheka huku anatupia jicho kwenye sinia. Zilianguka punje sita. Wakajaribu tena, wakajilazimisha, kicheko chao kikatoka kikavu. Zikaanguka mbili. Kazija aliacha kusimulia, akasimama tu na chaki yake.

Mwanapili akatoka benchi la mwisho.

Alichukua kipande cha HA akajibandika kwenye paji la uso kwa mate. Akachukua VUNJA na KI, akavigeuza juu chini, akatembea mbele ya darasa kama bata, miguu nje, makalio nyuma. Hakuulizwa na mtu. Alijiuliza mwenyewe kwa sauti ya Mwalimu Faki: "Mwanapili, kitenzi ni nini?" Kisha akajijibu kwa sauti ya mtoto mjinga, akitoa ulimi: "Ni mimi nikianguka." Akajiangusha chini kifudifudi.

Hakuna aliyecheka. Wote walijua kwamba anajua jibu. Walikuwepo siku alipomwachia Pandu huru. Mwanapili aliinua kichwa kutoka sakafuni, vumbi usoni, akawatazama wenzake benchi kwa benchi. Nilikuwa nimekaa karibu, kwa hiyo nilimsikia.

"Chekeni," alisema polepole. "Chekeni basi."

Mmoja akacheka, yule mvulana wa benchi la pili, kicheko kilichokuwa nusu kilio. Mwanapili akanyanyuka, akajiangusha tena, safari hii akigonga goti kwenye dawati. Wakacheka watatu. Akaanguka tena. Kicheko kina tabia yake, kikishaanza hakiulizi kilianzia wapi, na alipoanguka mara ya nne darasa zima lilikuwa linapiga madawati na kushika mbavu. Kazija alikuwa anaita, "Mwanapili, inuka mwanangu, inuka ukae," lakini sauti yake ilimezwa. Punje ziliruka kutoka kwenye ngozi kama kwenye kikaango. Zilizobaki zote zikaingia kwenye sinia, zikatimia arobaini.

Bwana Ngwali alikuwa na machozi machoni, ya furaha. Alimshika Kazija mkono kwa mikono yake miwili.

"Umepona, Mwalimu. Arobaini. Hata Shule ya Mfano haijawahi. Na yule binti ana kipaji cha ajabu, nimemwandika hapa kuwa mtoto wa kuchekwa wa darasa lako, wa kudumu."

"Mfute," alisema Kazija.

"Haifutiki, Bi Kazija. Arobaini zimeandikwa kwa jina lake. Nikimfuta yeye, nimezifuta zote."

Nilimkuta Mwanapili nje, ameketi kwenye ngazi, anajifuta goti kwa ncha ya sketi yake. Lilikuwa linatoka damu kidogo. Nikachuchumaa mbele yake, mzee mzima.

"Ulikuwa unajua jibu," nilimwambia.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa kwa nini ukafanya vile?"

Alinitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo lililo wazi.

"Ulisema siku moja tu," alisema.

Nimepigwa mara kadhaa maishani, na mimi mwenyewe nimepiga watoto zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Alama za fimbo yangu zilikuwa zinakaa siku mbili tatu zikapotea. Hicho kilikuwa kisingizio changu kwa miaka yote ile, na pale kwenye ngazi niliona kwamba ni kisingizio cha mtu mdogo.

Kesho yake nilikwenda kuaga kabla ya kuondoka. Haikuwa siku ya kipimo. Hapakuwa na afisa, hapakuwa na kigoma wala sinia, na Kazija alikuwa ameshaandika ubaoni kesi mpya. Watoto walikuwa wamekaa. Mwanapili alichelewa kidogo kwa sababu ya goti, akaingia akichechemea, na kabla hajasema neno, kabla hajafika hata kwenye benchi lake, darasa likaangua kicheko.

"Mnacheka nini?" aliuliza Kazija.

Hakuna aliyejua. Walitazamana, wakaona aibu kidogo, wakatulia. Yule mvulana wa benchi la pili alikuwa anajifuta macho.

Mwanapili alitabasamu, akaketi. Kazija akaendelea na kesi, watoto wakaanza kuja mbele na vipande vyao, na neno likabadilika mara tatu mpaka likakwama. Watoto wakageuka wote kutazama benchi la mwisho. Kazija naye alimtazama Mwanapili, akamngoja anyanyuke. Alingoja mpaka kengele ikalia.